Droo Mbili za Ng'ombe

Mwaka 1961 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na shida zangu zilianza hapo. Wenzangu wanaukumbuka mwaka ule kwa Uhuru. Mimi naukumbuka kwa sababu baba alikufa, na msiba ulipokwisha baba mdogo alifungua zizi akawatoa ng'ombe kama mtu anayewapeleka malishoni. Jioni hawakurudi. Darasa la nne nilikuwa nimemaliza. La tano lilikuwa na ada, na ada yenyewe ilikuwa imeondoka na baba mdogo kwa miguu minne. Mama alirudi kwao Ushirombo. Mimi nikawafuata ng'ombe, kwa baba mdogo karibu na Segese, nikawa mchungaji wa mali iliyokuwa yetu. Niliwachunga mpaka ndevu zikaota. Hakuna aliyeniambia asante, na sikuwa nimekaa naisubiri.

Nilipoondoka kule nilijaribu Mwadui kwanza. Mlinzi wa getini akaniuliza, "Unajua kazi gani?"

"Ng'ombe."

"Hapa tunachimba almasi."

"Najua."

Mazungumzo yetu yaliishia hapo. Nikaenda Shinyanga mjini nikabeba robota za pamba kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Ile kazi inalipa, lakini vumbi la pamba linaingia kifuani na halitoki. Kuna wanaume niliobeba nao ambao hawakufika umri wangu huu, na hawakufa kwa ajali.

Mwenye jineri alikuwa Mhindi, na mdogo wake alikuwa wakili. Yule wakili alipohamia ofisi kubwa zaidi, karibu na stesheni ya reli, tuliitwa watu wa jineri tukambebee vitabu. Wenzangu walibeba, wakalipwa, wakaenda zao. Mimi kesho yake nilirudi bila kuitwa, nikafagia. Nikarudi tena, nikapanga viti. Mwisho wa wiki wakili akaniuliza, "Wewe nani kakuajiri?"

Nikamwambia, "Bado hujaniajiri."

Akaniajiri. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sheria, mwaka 1968. Wapo waliosoma ng'ambo walioingia kwa taabu kuliko mimi.

Huyo wakili tulimwita Mzee, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa palepale Shinyanga, na Kisukuma alikizungumza bila kukigeuza geuza mdomoni kama wageni wanavyofanya. Vitabu vyake vilijaza ukuta mmoja na nusu, toka sakafuni hadi darini, na vilivyobaki vilikaa juu ya makasha. Vingi vilikuwa ripoti za kesi: watu fulani walishtakiana zamani, hakimu au jaji akaamua, uamuzi ukachapwa ili mawakili wa baadaye wautumie kama ushahidi kwamba jambo lao si geni. Vyote kwa Kiingereza. Kiingereza sikukijua, lakini namba ni namba, na herufi nilifundishwa na masista kwa fimbo, kwa hiyo zilikaa.

Mpangilio haukuwapo. Kitabu kilikaa pale kilipowekwa mara ya mwisho. Lakini mimi na Mzee tulivijua vyote kama mtu anavyojua kundi lake, kwa mwili. Mzee hakuniambia mwaka wala namba. Alisema kwa Kisukuma, "Lete yule mwekundu aliyekatika sikio," nami nikaleta kile chekundu kilichopasuka jalada kwenye kona. "Lete yule mnene anayenuka mafuta ya taa." Hicho kiliwahi kuingiwa na mchwa, tukakipaka mafuta ya taa. Kilinuka mpaka mwisho, na kilipendwa sana, kilikuwa na kesi nyingi za mashamba.

Ulikuwa utaratibu mzuri. Ubaya wake ni kwamba nikitumwa posta, kazi ilisimama. Nikipata malaria, ofisi nzima ilipata malaria.

Mwaka 1975 macho ya Mzee yalianza kuingia ukungu, akamchukua wakili kijana kutoka Dar es Salaam wasaidiane. Kijana mwenyewe kwao ni migombani, mbali na huku, mtu safi, mwenye haraka, aliyeita kila mtu ndugu. Siku yake ya kwanza aliomba kitabu fulani kwa mwaka na namba. Nikamuuliza kina rangi gani. Akasema hajui. Nikamuuliza kimeliwa na panya au hakijaliwa. Akanitazama, akavua koti, akaingia kutafuta mwenyewe. Chakula cha mchana kilimkuta humo humo.

Alipotoka alimwendea Mzee, mimi nikiwepo, akasema, "Mzee, hii si maktaba. Hiki ni kichwa cha mtu mmoja."

Mzee akasema, "Viwili. Na changu kimo."

Kijana akaeleza anachotaka. Tutengeneze kadi. Kila kesi iwe na kadi yake, juu iandikwe kichwa cha jambo lenyewe, chini iandikwe kitabu gani, rafu gani. Kadi zikae kwenye droo kwa mfuatano wa alfabeti. Mtu yeyote ataingia, atafungua droo, atajichukulia kitabu, hata kama hajawahi kuukanyaga mji huu.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe nini, ndugu?"

"Mtu yeyote akijichukulia, mimi nitakuwa nafanya nini?"

Akafikiri kwa dhati, sina ugomvi naye kwa hilo. "Sijui," akasema.

Mzee ndiye aliyekata shauri. "Kadi atazitengeneza yeye. Jaji anakuja kwa vikao vya hapa, tutaziona zikifanya kazi. Zikifanya kazi, tutazungumza habari ya nafasi yake. Zisipofanya, atarudi jineri."

Tulikuwa na mpiga chapa pale, mama mmoja wa Tanga, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Tulipotoka nje akaniambia, "Kaka, umepewa kaburi uchimbe, na ukilichimba vibaya unafukuzwa."

"Na nikilichimba vizuri?"

"Unaingia."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa na mke, watoto wawili, na chumba cha kupanga Ngokolo. Na kifua changu kilikuwa bado kinanikumbusha pamba kila asubuhi ya baridi.

Fundi seremala alitengeneza kabati la mninga lenye droo kumi na mbili na vishikio vya shaba. Kadi zilitoka Dar es Salaam kwa treni. Kila jioni kijana alikaa na mimi, akasoma ripoti kimoyomoyo, kisha akanieleza kwa Kiswahili, sentensi moja au mbili, mimi nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Kijana mwenyewe alikuwa anaandika kama kuku.

Mwanzoni nilimuuliza, "Hicho kichwa cha juu niandike nini?"

Akasema, "Andika jambo wanalogombania. Neno moja. Mtu akitafuta alione mara moja."

Basi. Kanuni ilikuwa hiyo, na alinipa yeye. Wanagombania nini? Kuanzia hapo sikumsumbua tena. Yeye alieleza, mimi niliandika, kadi ikaingia kwenye kasha, tukaendelea.

"Mke kaondoka, mume anataka kurudishiwa mahari."

Nikaandika NG'OMBE.

"Mtu kafumaniwa na mke wa mwenzake, ametozwa faini na wazee."

NG'OMBE.

"Ndugu wawili, baba yao amekufa bila wosia."

Hiyo hata sikusubiri amalize.

"Mwanaume amezaa na msichana, hakulipa mahari, sasa anadai watoto."

NG'OMBE.

"Lori la pamba limegonga, eee, limegonga ng'ombe."

NG'OMBE, na hiyo ndiyo kijana aliyoikubali baadaye bila maneno.

Tulipomaliza ukuta ule mmoja na nusu, nilipanga kadi kwenye droo. Ng'ombe hawakutosha droo moja, nikawapa mbili. SHAMBA ilipata moja yake. DENI, moja. WIZI, moja, na humo sikutia wizi wa ng'ombe, ulikuwa na mahali pake tayari. NDOA ilikuwa na kadi moja tu: Wazungu wawili wa Arusha walioachana, ambao hawakuwa na ng'ombe.

Jaji akaja. Mzee alikuwa Mwanza anatazamwa macho. Asubuhi ya kikao mimi nilipandishwa basi kwenda Kahama kupeleka hati ya wito kwa mfanyabiashara wa mpunga aliyekuwa anajificha, na aliyejificha vizuri, maana ilinichukua mpaka mchana kumpata nyuma ya mashine yake ya kukoboa. Kwa hiyo yaliyotokea ofisini sikuyaona. Alinisimulia mpiga chapa, na huyo akisimulia huongeza sauti lakini haongezi mambo.

Kesi ya siku hiyo ilikuwa ya mama mmoja wa kijijini, wa upande wetu ule wa Segese. Alizaa watoto wawili, binti na mvulana, na mwanaume ambaye hakuleta mahari hata ndama. Aliwalea peke yake. Binti alipokua, akachumbiwa, yule mwanaume akatokea na ng'ombe mkononi akasema nimekuja kulipa, sasa watoto ni wangu. Maana yake ilijulikana na kila mtu: mahari ya binti ingeingia kwenye zizi lake. Mahakama ya mwanzo ilimpa haki mama, ya wilaya ikampa mwanaume, sasa wako mbele ya Jaji.

Kijana aliingia ofisini asubuhi kwa kujiamini, akafungua kabati lake. Akavuta NDOA. Akawakuta Wazungu wa Arusha. Akavuta herufi ya W, akakuta WATOTO kadi moja, mtoto aliyetumbukia kisimani. Akavuta M, MAHARI haikuwepo. Ripoti alizonieleza zilikuwa mamia, na hii ilikuwa imemtoka kichwani. Mpiga chapa anasema alifunga droo taratibu sana, akavaa koti, akaenda mahakamani mikono mitupu. Mbele ya Jaji akasema ametafuta na hakuna uamuzi wa zamani kuhusu jambo hili. Wakili wa upande wa pili, mtu wa Mwanza, akasimama na ripoti mkononi akasoma uamuzi unaompendelea mteja wake. Jaji akamwambia kijana wetu ana mpaka kesho asubuhi kujibu, na kwamba anashangaa ofisi kongwe namna ile kukosa kitabu hicho.

Hatukukikosa. Kilikuwa rafu ya tatu, cha kijani, kisicho na mgongo.

Nilipoingia jioni na vumbi langu la Kahama, kijana alikuwa amesimama katikati ya chumba. Mpiga chapa alikuwa ameacha mashine yake, jambo ambalo hakulifanya hata kwa msiba. Yule mama wa kesi alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, miguu pamoja, kikapu magotini. Alikuwa hajui aende wapi mpaka kesho.

"Ndugu," kijana akaniambia, "kadi zangu ziko wapi?"

"Kwenye droo."

"Kesi za mahari."

"Ng'ombe."

"Kesi za watoto wa nje ya ndoa."

"Ng'ombe."

"Talaka?"

"Zipi? Za Wazungu au za watu?"

Mpiga chapa alijifunika mdomo kwa karatasi. Kijana akafungua droo ya kwanza ya Ng'ombe, akachomoa kadi, akaisoma. Akachomoa nyingine. Akafungua ya pili. Alisoma akiwa amesimama kwa muda mrefu, na masikio yake yakawa yanabadilika rangi.

"Mwanamke anapigania watoto wake aliowazaa," akasema, "na wewe umemweka pamoja na lori la pamba."

"Uliniambia niandike wanalogombania."

"Wanagombania watoto!"

"Watoto walikuwepo miaka yote hiyo. Mbona baba yao hakuja kuwagombania?"

Hapo akageukia benchi. Alitaka shahidi, nami sikumzuia. Akamuuliza yule mama kwa upole, "Mama yangu, hebu mwambie huyu ndugu. Kesi yako inahusu nini?"

Yule mama hakuwa na Kiswahili kingi. Nikamsalimu kwanza, "Mwadila, mayu," akaitikia, kisha nikamrudia swali kwa Kisukuma kama lilivyo, bila kuongeza. Akamtazama kijana kama mtu anayeogopa kwamba wakili aliyemlipa amesahau kesi yake.

"Ng'ombe," akasema. "Hakuleta."

Kisha kijana akasema jambo ambalo mpaka leo nalikubali, na mimi si mtu wa kukubali ovyo. Alisema, "Sawa. Yeye anajua, wewe unajua, Mzee anajua. Lakini mimi sikujua, na ndiye niliyesimama mbele ya Jaji. Kabati hili nililitaka kwa ajili ya mtu asiyejua."

Nikamwambia, "Basi ungesema kichwa kiwe kile atakachokitafuta mtu asiyejua. Ulisema wanalogombania."

"Hayo ni mamoja!"

"Umeona leo kwamba si mamoja."

Aliyetutoa hapo ni mpiga chapa. "Nyie wanaume mtakesha," akasema. "Kwetu duka likihama, mtu haongezi maneno, anabandika karatasi mlangoni: nimehamia mahali fulani. Leteni kadi tupu." Akakaa, akapiga: NDOA, tazama NG'OMBE. MAHARI, tazama NG'OMBE. WATOTO, tazama NG'OMBE. URITHI, tazama NG'OMBE. FUMANIZI, tazama NG'OMBE. Alipofika hapo alisimama akauliza kama kuna kitu chochote Shinyanga ambacho si ng'ombe. Nikamwambia deni la duka.

Wakati anapiga, mimi na kijana tulikaa sakafuni na droo zote mbili katikati yetu, tukawagawa ng'ombe kama warithi: wa mahari huku, wa urithi huku, wa faini kule, kila fungu na kadi ya kutenganisha. Kazi haikuchukua muda, kwa sababu nilizikumbuka nyingi bila kusoma. Humo ndimo tulimoikuta kesi ya Tabora, ya mwanaume aliyeleta mahari mtoto akiwa ameshaota ndevu, akaambiwa amechelewa. Nilikwenda kwenye rafu nikaleta kitabu. Cheusi, chembamba, kimeliwa na panya upande wa chini, lakini panya hakufika ukurasa ule.

Asubuhi kijana aliusoma kwa Jaji. Yule wa Mwanza akajibu, kijana akajibu tena. Sikuelewa Kiingereza chao, lakini nilimwelewa Jaji alipofunga faili. Mama alibaki na watoto wake. Alipotoka nje hakuruka wala kulia. Aliuliza kama basi la Kahama limeshaondoka.

Mimi bado nilikuwa na kesi yangu, na Mzee alirudi kutoka Mwanza na bandeji jicho moja. Kijana akamweleza kila kitu, na mimi sikutoka chumbani, nilitaka nisikie anavyoeleza. Alieleza sawasawa. Mzee akasema, "Jaribuni sasa." Kijana akatoka nje akamwita askari aliyekuwa anapita barabarani, mtu wa Lindi aliyehamishiwa kwetu juzi juzi, akamwambia atafute kesi ya watoto ambao baba hakulipa mahari. Askari alidhani anakamatwa yeye. Akafungua W, akasoma "tazama Ng'ombe", akatutazama, akafungua Ng'ombe, akafika kwenye fungu, akaenda rafuni, akarudi na kile chembamba cheusi. Hakuuliza mtu.

Kwa hiyo kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri. Nilisimama pale nikamwona askari wa Lindi akifanya kazi yangu, na bunduki begani.

Mzee hakuona vizuri lakini alisikia hatua za askari zikienda na kurudi. Akaniuliza kwa Kisukuma, "Vitabu vipya vya mwaka huu vimeshafika?"

"Vimo kwenye kasha."

"Nani atauliza wanagombania nini?"

Kijana ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili, ingawa swali hakulielewa lote. "Aulize yeye," akasema. "Mimi nitauliza mtu asiyejua angetafuta nini. Tutaandika yote mawili."

Ikawa hivyo. Nilipewa meza, na mshahara wa karani. Jineri sikurudi. Kila mwaka vitabu vilipokuja tulikaa, yeye na swali lake, mimi na langu, na kadi zikawa zinatoka mbili mbili. Tuligombana kwa kila ripoti. Mawakili wa Mwanza na Tabora walikuja kutazama kabati, na wawili walinilipa niende nikawapangie la kwao. Hapo ndipo nilipoanza kuweka akiba. Nikajifunza pia kufunga vitabu majalada, maana nilichoka kuona vyekundu vilivyokatika masikio. Mwaka 1984 ofisi ilinunua makabati ya chuma, na mimi nikaaga. Niliomba lile la mninga badala ya zawadi ya kuagwa, wakanipa, nikalipandisha kwenye lori nikaenda nalo Kahama kufungua duka langu la kufunga majalada na kuuza karatasi. Wanunuzi wa dhahabu walipoanza kujaa, walihitaji vitabu vya stakabadhi kuliko walivyohitaji sala.

Leo nina haya. Nyumba ya matofali ya kuchoma Kahama, vyumba sita, bati lote. Duka, na chumba cha nyuma cha majalada, mashine mbili za kukatia karatasi, moja nzima. Shamba la mpunga la kutosha kula na kuuza. Mke yule yule. Watoto wanane, wote wamefika zaidi ya darasa la nne. Baiskeli. Redio. Ng'ombe ishirini na mmoja Segese, wanaochungwa na mtoto wa baba mdogo, ninayemlipa kila mwezi na kumwambia asante. Kabati moja la mninga, droo kumi na mbili, vishikio vya shaba vyote vipo. Droo mbili bado zimeandikwa NG'OMBE kwa mwandiko wangu, na ndani kuna gundi, nyuzi na sindano za kushonea vitabu.